Kodi ya miezi sita kwa mshahara wa mwezi mmoja, Dar tunaishije hivi?

Wakuu, kila tukilalamika kodi tunajibiwa "acha kupanga, jenga, Chanika viwanja bado vipo". Sawa, ila tupige hesabu kwanza. Chukua nesi au mwalimu anayeshika mkononi laki tisa, vyumba viwili Tabata vyenye maji na luku yake anaambiwa laki tatu na nusu, hiyo kwa kujibana angeiweza, lakini hailipwi hivyo, inatakiwa miezi sita kwa mkupuo, weka na mwezi mmoja wa dalali, inafika 2,450,000 hajabeba hata godoro. Anakopa. Kwa ndugu, saccos, wengine mpaka kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Deni linaisha na miezi sita nayo imeisha, sasa hicho kiwanja cha Chanika anakinunua lini?

Na wenye nyumba sio watu wabaya jamani. Wengi wamejenga kidogo kidogo miaka kumi, leo msingi, mwakani bati, kwa sababu mkopo wa nyumba benki unataka hati na maeneo kibao hayajapimwa, na riba nayo haishikiki. Kodi ya mkupuo ndo benki yake, ndo anamalizia madirisha ya nyumba ya uani. Yaani mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bure, kwa hela ambayo yeye mwenyewe kaikopa kwa riba! Hapo ndo pananiuma.

Mtasema serikali ijenge kama zile nyumba zake za Magomeni Kota. Pale ni kaya 644, Dar kwa sensa ya 2022 tuko zaidi ya milioni 5. Ile sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005 na mimi sitaki irudi vile, bei ikipangwa na serikali watu wataacha kujenga. Ninachotaka malipo ya mbele yasizidi miezi mitatu, mkataba uwe wa maandishi, na asiyelipa atoke haraka, sio kesi ya baraza la ardhi inavutana na mtu yumo ndani halipi, maana hofu ya mpangaji sugu ni ya kweli na ndo inayofanya watu wadai sita.

Wenye nyumba nawauliza nyie kwanza: mkihakikishiwa mpangaji sugu anatoka ndani ya mwezi, mitatu mtakubali au bado mtataka sita?