Re: Mashine ya kufyonza unyevu, lita 12 au 20?

Wadau, salaam.
Fleti ya halmashauri, vyumba viwili, Leeds. Nguo zinaanikwa ndani, asubuhi vioo vinatiririka maji, nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Dukani kuna ya lita 12, ya lita 20, na ya zeolaiti ya lita 8 ambayo ni ghali kuliko ya 12. Ipi?
Dada wa Leeds

---

Dada, namba ya kwenye boksi isikubabaishe. Hizo lita 20 kwa siku hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hiyo ni Tanga mwezi wa tatu, si Leeds mwezi wa kwanza. Kwenye nyuzi 20 na asilimia 60 utapata nusu yake, au pungufu.

Hizo za lita 12 na 20 ni za kompresa. Mashine ya kompresa ni ndugu yake friji: feni huvuta hewa, mvuke hukutana na mabomba ya baridi, hugeuka matone na kudondokea ndooni. Chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, matone huganda palepale. Mashine husimama iyeyushe barafu, na muda huo haifyonzi kitu. Ya zeolaiti haina mabomba hayo. Ina gurudumu linalonyonya mvuke, kisha hita hulikausha, kwa hiyo hata kwenye nyuzi 5 inachapa kazi na kutoa hewa ya uvuguvugu.

Tatizo lake ni umeme. Kompresa ya lita 12 hula wati 200 hivi, zeolaiti ikiwa kwenye nguvu kubwa wati 600. Saa 8 ni uniti 1.6 dhidi ya 4.8. Ukichukulia peni 27 kwa uniti, ni peni 43 dhidi ya pauni 1.30, kila siku, mpaka baridi iishe.

Kama fleti inapashwa joto, chukua kompresa, na kwa kuwa unaanika ndani, ya lita 20. Zeolaiti ni ya gereji au chumba kisicho na hita. Usiiweke karibu na jiko: gurudumu hunyonya harufu ya vitunguu vya kukaanga na kukurudishia kesho yake. Ukiizima, ngoja feni isimame yenyewe ndipo uchomoe plagi.
Fundi wa friji, Manchester

---

Sawa fundi, ila kabla ya mashine anunue kipima unyevu, ni pauni chache tu. Lengo ni asilimia 45 hadi 55. Doa la unyevu ukutani likiongezeka kila mvua inaponyesha, hapo kuna mfereji wa paa au bomba lililopasuka, na mashine itafyonza mpaka kiama.

Halmashauri iandikiwe, na picha ziambatishwe. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, Sheria ya Awaab, yenye jina la mtoto aliyefariki kwa ukungu wa nyumba, inawabana wenye nyumba za kijamii za England, zikiwemo za halmashauri: ukungu wa kutishia afya uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi.

Na dirisha lifunguliwe dakika 10 asubuhi, mashine ikiwa imezimwa. Waliokulia Pwani hawaamini hili, kwa sababu kule ukifungua dirisha unaukaribisha unyevu. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikiwa na asilimia 90, ikishapashwa hadi nyuzi 20 inabaki na asilimia 35 hivi.
Mama wa Birmingham

---

Nyongeza ya kuanika. Mashine ya kufulia ikamue kwa mizunguko 1400 kwa dakika, maana mzigo mmoja wa nguo hubaki na takriban lita 2 za maji. Chagua chumba kidogo, funga mlango na dirisha, elekeza hewa ya mashine ya unyevu chini ya nguo, na usitundike kitu juu yake. Kanga hukauka upesi. Mataulo na jinzi zipewe nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine.

Kabati lisogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Ukungu usipigwe brashi ukiwa mkavu, utarusha vumbi lake chumba kizima.

Kompresa ikiletwa imelazwa, isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha. Chujio lisafishwe kila wiki mbili. Na taa ya "ndoo imejaa" ikigoma kuzimika ilhali ndoo ni tupu, tazama boya ndani ya ndoo: lina sumaku ndogo, na likikwama kwa utelezi mashine haiwaki. Lioshe kwa maji ya sabuni, lirudishe upande uleule.
Kaka wa Leicester