Naombeni ushauri: bodi inataka timu zote 14 ziingie ajaili kabla ya Januari

Kijana wa Naguru (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Huu ni usiku wa tatu silali vizuri, nimeona bora nilete hapa jamvini kuliko kupasuka.

Nafanya kazi kwenye taasisi kubwa ya fedha hapa Kampala, jina niachieni. Upande wa programu tuko watu 110, timu 14. Mwaka jana nilikabidhiwa timu 3 niziingize kwenye ajaili (agile), yaani kujenga programu kwa vipande vidogo vidogo: sprinti, vile vipindi vya kazi, za wiki 2, kikao cha kusimama kila asubuhi, ubao wa karatasi za rangi ukutani, na kila Ijumaa ya pili tunaonyesha kazi iliyokamilika. Zikaenda vizuri mno. Kazi iliyokuwa ikila miezi 4 ikaanza kutoka kwa wiki 3. Nikaitwa mbele ya bodi, nikaeleza, wakapiga makofi. Sasa wanataka timu 11 zilizobaki nazo ziingie kabla ya Januari, na jina lililoandikwa pale ni langu.

Swali ni moja tu: kuendesha timu nyingi za ajaili kwa pamoja, nifuate mfumo upi? SAFe, LeSS, au ule wa Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni?

Fundi Ntinda
SAFe, usihangaike. Treni yao moja, yaani kundi la timu zinazopanga kazi pamoja, inabeba watu 50 hadi 125, nyie mnaingia wote. Mnakaa ukumbini siku 2 mnapanga wiki 8 hadi 12 za mbele, kila timu inabandika kazi zake ubaoni, na anayemtegemea mwenzake anavuta uzi mwekundu hadi kwa huyo mwenzake. Sisi mara ya kwanza nyuzi zilijaa mpaka karatasi zikapotea, na karibu zote zilielekea timu moja. Bosi wetu alisimama pale kimya muda mrefu. Mwaka mzima tulikuwa tunamlilia jambo hilo, siku ile akaliona kwa macho yake. Ukumbi utafuteni wenye jenereta.

Mswahili wa Kisenyi
Fundi amekimbilia jibu. Mimi ni mtu wa LeSS. Larman na Vodde, walioibuni, wameiweka kwa timu 2 hadi 8 zinazojenga bidhaa moja, orodha moja ya kazi, mwenye bidhaa mmoja. Zikizidi hapo kuna LeSS Huge. Kwa hiyo kwanza tuambie, hizo timu 14 zinajenga kitu kimoja au vitu 14? Na hiyo ya Spotify iache. Waraka ulioutangaza mfumo huo, wa Kniberg na Ivarsson wa 2012, wenyewe unasema ni picha ya walivyokuwa wakifanya kazi wakati ule, na kwamba ukiusoma mambo yatakuwa yamekwisha kubadilika. Watu wamechukua picha ya jirani wakajengea nyumba.

Mzee wa Bweyogerere
Wanangu, mnataja mifumo kama majina ya timu za mpira. Je, hao watu wa timu 11 kuna aliyewauliza? Zamani nilisimamia maghala, nikaletewa utaratibu mpya kutoka juu. Wafanyakazi waliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na daftari la zamani waliendelea kulijaza chini ya meza. Nililikuta baada ya miezi 7. Kijana, anza na kusalimia watu.

Binti Arua
Kaka Naguru, naomba nirudi nyuma kidogo. Kazi inatoka kwa wiki 3 kwenda wapi?

Kijana wa Naguru
Dada, inatoka maana yake timu imeimaliza, imeijaribu na imeionyesha. Tusitoke kwenye swali, naomba. Mzee, asante, nimekusikia.

Binti Arua
Nauliza tena, usinichukie. Mama aliyeko Mbale na simu yake ya vibonye, anaiona lini?

Kijana wa Naguru
Sawa. Kazi za timu zote zinapandishwa hewani mara 4 kwa mwaka, usiku wa Jumamosi moja. Wanaopandisha ni watu 4 wa kitengo kingine, wanaotunza mfumo mkuu wa akaunti. Fomu ina saini 6. Kila Jumamosi wanapandisha kazi wanazoweza, nyingine zinasubiri robo inayofuata. Wiki 3 ni hadi seva ya majaribio, ambayo mteja haioni.

Bodi niliwaambia wiki 3. Sikusema hadi wapi, na wao hawakuuliza. Lakini jamani, timu zangu zilimaliza sehemu yao! Ile foleni haiko chini yangu. Pia malipo ya awali ya mafunzo ya SAFe kwa watu wote 110 yameshatoka wiki iliyopita, kwa hiyo sioni tukirudi nyuma.

Fundi Ntinda
Banange! Yaani umeshalipa, halafu unatuuliza mfumo upi?

Taksi ya Wandegeya
Stendi ina lango moja la kutokea na askari mmoja wa kulifungua. Magari 3 yamejaa abiria yanapiga honi. Tajiri anasema nileteeni mengine 11. 😂

Binti Arua
Taksi amemaliza. Niwape ya kwangu. 2018 nilikuwa kampuni ndogo inayounganisha malipo ya simu. Julai 1 ikaanza ile kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, mnaikumbuka. Kwetu hesabu ya makato ilikuwa imeandikwa sehemu 6 tofauti ndani ya programu. Tulilala ofisini, tukala rolex (chapati na mayai) asubuhi, mchana na jioni. Baada ya miezi michache serikali ikageuza: asilimia 0.5, tena kwenye kutoa pesa tu. Tukaanza upya. Kazi ya kuandika ilikuwa ya siku moja. Kujaribu kwa mkono na kusubiri ruhusa ndiko kulikotuua. Tulipopumua, hatukuongeza hata mtu mmoja. Tuliandika majaribio yanayojiendesha yenyewe na kukusanya hesabu ile mahali pamoja.

Shahidi wa Pili
Mimi naona hii ni chai. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Anauliza kuhusu SAFe, kisha ghafla mafunzo yameshalipiwa. Kesho ataleta namba ya mkufunzi "aliyemuokoa". Na bodi ya fedha inapiga makofi bila kuona karatasi yoyote?

Fundi Ntinda
Hata mimi nimeanza kushtuka, na ushauri wangu nimeutoa bure.

Mzee wa Bweyogerere
Shahidi, mtu akilia usimpime machozi.

Shahidi wa Pili
Mzee, shikamoo, lakini humu tumeshatapeliwa kwa machozi.

Kijana wa Naguru
Siuzi kitu. Akaunti ni mpya kwa sababu wenzangu wanaifahamu ile ya zamani.

Ngoja niseme na hili. Ubao wetu una safu 3: Ya kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Mwezi Machi binti mmoja wa timu ya pili alichukua kalamu nyekundu akachora safu ya nne, pale karibu na dirisha: Inasubiri Jumamosi. Siku bodi ilipokuja kutembelea, niliomba kalenda kubwa ya ukutani ihamishiwe pale. Ikafunika safu yote. Yule binti aliniangalia, hakusema neno. Kalenda ipo hadi leo.

Binti Arua
Kwenye kalenda hapo nimekuamini. Kaka, mwongozo wa 2020 wa Skramu, ule utaratibu wa sprinti mnaoufuata, uko wazi: kazi isiyotimiza kipimo cha kumalizika haitolewi, na hata kuonyeshwa kwenye kikao haifai. Kipimo mnakiweka wenyewe, nyie mmekiweka kiishie kwenye seva ya majaribio. Kisogeze hadi kwa mteja. Chukua timu moja, ukae nayo na mmoja wa wale 4, mpandishe kitu kidogo kimoja nje ya ile Jumamosi. Zile timu 11 zisubiri.

Mswahili wa Kisenyi
Naunga mkono, na LeSS naiweka kando kwa leo.

Shahidi wa Pili
Kalenda pia inaweza kutungwa. Ziko karatasi ngapi chini yake?

Kijana wa Naguru
Nimefika ofisini saa 1 asubuhi kabla ya wengine, nimeishusha. Karatasi 37. Gundi imekauka, 5 nimeziokota nyuma ya kabati. Mkurugenzi wangu ana nafasi Alhamisi saa 5, nimemwomba tukutane hapa ukutani, si ofisini kwake. Mkufunzi nimemwandikia tuanze na watu 12, wale 4 wakiwemo. Hajajibu.

Shahidi wa Pili
Ya zamani kabisa ni ipi?

Kijana wa Naguru
Ya Machi 12. Mteja akituma pesa kwa namba isiyo yenyewe, aweze kuizuia mwenyewe bila kusafiri hadi tawini. Iliandikwa kwa siku 9.