Mjadala: Kikao cha riwaya Mombasa kianze na mwandishi wa Kiingereza?

Mtoa mada: Chapangwa kikao cha kutambulisha waandishi wa riwaya wa sasa, mmoja kila mwezi. Wa kwanza apendekezwa Khadija Abdalla Bajaber, wa Mombasa hapa hapa. Wanaopinga wasema aandika Kiingereza, waanze wa Kiswahili. Mwasemaje?

Bint Kibokoni: Aanze Bajaber. The House of Rust (2021) ni bahari yetu: Aisha atoka kumtafuta babake mvuvi, chombo ni cha mifupa, mwenziwe ni paka asemaye. Mkimkataa kwa lugha, basi na Abdulrazak Gurnah wa Unguja, naye aandikaye Kiingereza, mumuache, na Nobeli yake ya 2021.

Maalim wa Likoni: Dada, hakuna aliyesema waachwe. Mtu aliyetoka shule na Chozi la Heri, riwaya ya kutahiniwa, ashazoea kuulizwa maudhui na sifa za wahusika. Mkimuanzia na Kiingereza, ataona riwaya ya Kiswahili ni ya mtihani, starehe iko kwengine. Mpeni Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed: kigogo K arudiwa na babu yake aliyekufa. Hapo hakuna mwalimu wa kumsahihisha.

Muuza Vitabu: Gurnah yupo kwa Kiswahili. Paradise (1994) ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikawa Peponi, Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Lakini vikao haviuawi na lugha. Mtu ashika kipaza sauti dakika 20: kazaliwa Unguja 1948, tuzo hii, tuzo ile, kisha asimulia kitabu hadi mwisho. Nani atanunua tena?

Wasifu uwe sentensi tatu, basi. Kisha msomaji mwenye sauti asome kurasa mbili taratibu, ni kama dakika sita. Maelezo ya mandhari yarukeni. Tafuteni pahali watu wanasemezana. Katika Peponi someni Yusuf, miaka 12, anavyoondoka na ami Aziz asijue kuwa yeye ndiye rehani ya deni la babake. Kateni hapo hapo, msifafanue. Na nakala ziwe mezani siku hiyo hiyo. Ukimwambia mtu "tutaagiza", hamu ishapoa.

Msomaji wa Kisauni: Na Euphrase Kezilahabi, wa Kiswahili? Riwaya yake Nagona (1990)?

Muuza Vitabu: Si kikao cha kwanza, ndugu yangu. Ukurasa mmoja wa Nagona ukisikizwa tu, watu wapotea. Ngojeni mwezi wa tatu, na kila mtu awe na kitabu aufuate kwa macho.

Bint Kibokoni: Haya, Bajaber asomwe, mtu afasiri papo hapo.

Maalim wa Likoni: Papo hapo la. Mfasiri atababaika, na maneno ya paka yule yatatoka makavu. Fasirini kurasa mbili wiki moja kabla, mzipitishe kwa mzee wa Mji wa Kale ajuaye vyombo vya baharini, asije mtu akaita kila chombo "boti". Ziwe za kusomwa kikaoni tu. Kuzisambaza kwataka ruhusa ya mchapishaji. Nami bado nasema K na babu yake watangulie.