Kinaya kwenye anguko la Okonkwo kiko wapi hasa?

Mtoto wa Ngamiani:
Wadau habari za jioni, mie niko form six HKL hapa Tanga. Tumebishana darasani mpaka mlinzi katutoa. Mwenzangu anasema riwaya ya Things Fall Apart ya Achebe haina kinaya cha kidrama kwa mhusika mkuu Okonkwo kwa sababu msomaji naye hajui kama jamaa atakuja kujinyonga. Naona kipo ila nikiambiwa nikionyeshe nabaki nimekodoa macho. Msaada jamani, mtihani uko karibu.

Korosho Mbichi:
Mwenzio kachanganya mdogo wangu. Sio lazima ujue mwisho, inatosha ujue kitu ambacho mhusika hakijui muda ule. Kibanda umiza ushaingia? Steringi anakatiza zake, adui yuko nyuma ya mlango, watu wote wanapiga kelele "geuka!" Ndo hicho. Mchukue Ikemefuna, yule kijana aliyetolewa fidia na kijiji kingine, kaishi kwa Okonkwo miaka 3, kaambiwa anarudishwa kwao kumbe anapelekwa kuuawa, anatembea na chungu cha pombe kichwani huku anaimba kimoyomoyo kawimbo ka utotoni, kakiishia mguu wa kulia basi mama yake mzima, na wewe ushamsikia mzee Ezeudu akimuonya Okonkwo asitie mkono kwenye kifo cha mtoto anayemwita baba. Mie pale nafunga kitabu kwanza.

Mtoto wa Ngamiani:
Sawa kaka ila huyo Ikemefuna, Okonkwo anajua kila kitu. Namtaka Okonkwo mwenyewe.

Ticha Mstaafu:
Rudi sura ya 2. Msimulizi anasema kabisa maisha yote ya Okonkwo yanaendeshwa na woga, woga wa kushindwa na kuonekana legelege kama baba yake Unoka. Umuofia, kijiji chake, inamuona dume, siri tunayo sisi. Kuanzia hapo kila anapojitutumua unamsoma ukijua anakimbia nini. Panga la kumuua Ikemefuna kalishika kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu, tumeambiwa wazi. Halafu rafiki yake Obierika kashamweleza kwamba mzungu ameshawagawa ndugu, kasikia ila hakushika, mwishoni anamkata tarishi wa mzungu kichwa akidhani watu watainuka naye wakati msomaji ashaona hawatainuka. Ila ile ya Unoka kufia Msitu Mwovu bila kaburi na mwanawe naye kuzikwa na wageni, hicho ni kinaya cha hali, yaani mambo kutokea kinyume na yalivyotarajiwa, usivichanganye kwenye karatasi.

Binti Pangani:
Mbona mmemsahau DC, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni? Anaona maiti anawaza itamtosha aya moja kwenye kitabu chake, sisi tumetoka kusoma sura 25 za mtu huyo huyo! Kwangu hicho ndo kikali kuliko vyote.

Korosho Mbichi:
Kikali ndio, ila Okonkwo kashakufa, anguko lishaisha.

Binti Pangani:
Limeisha wapi na ndugu zake hawaruhusiwi hata kumshusha mtini?

Mtoto wa Ngamiani:
Ticha shikamoo, ya sura ya 2 nimeibeba. Mwenzangu nimemtumia linki, tiki za bluu naziona ila kimya.