Mdhamini wa mtoto katika maktaba ya mji mdogo: utaratibu huu ulitoka wapi, na je, shule inaweza kudhamini?

MwalimuWaBondeni ameuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote anayefahamu vyema uendeshaji wa maktaba za umma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa wilaya hapa Tanzania, wenye maktaba ya chumba kimoja kikubwa, kona ya watoto yenye viti vifupi, na kaunta iliyo karibu na mlango. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza mwanafunzi wangu wa darasa la sita, anayelelewa na bibi yake muuza maandazi, akajiandikishe uanachama ili aweze kuazima vitabu na kwenda navyo nyumbani. Fomu aliijaza mwenyewe, picha mbili ndogo alikuwa nazo, na ada ya mtoto bibi alikuwa ameifunga katika pindo la khanga.

Tulikwama penye mstari wa mdhamini. Tuliambiwa kwamba mdhamini sharti awe mtumishi mwenye mwajiri na mhuri. Bibi hana mwajiri, na mimi sikukubaliwa kwa kuwa nilikwisha kuwadhamini watoto wawili mwaka huu. Mtoto aliruhusiwa kusomea humo ndani, akakaa na kitabu cha ngano mpaka saa ya kufunga, akakirudisha mezani akiwa amebakiza kurasa kumi na mbili.

Sitaki kumlaumu mkutubi, ambaye alitupokea kwa heshima. Ninachotaka kufahamu ni chimbuko la sharti hili, na kama iko njia ya halali ambayo shule yenyewe inaweza kusimama mahali pa mdhamini.

MkutubiMstaafu amejibu:

Mwalimu, pole kwa usumbufu, na ahsante kwa kuuliza kwa utulivu. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa muda mrefu, na mstari huo wa mdhamini nimeusimamia mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo nitaanza na sababu yake kabla ya kuja kwenye historia.

Kila kitabu kinachoingia maktaba huandikwa katika daftari la kuandikishia vitabu na kupewa namba yake, na siku ya ukaguzi namba hiyo hudaiwa. Ikikosekana, anayeulizwa ni mkutubi. Vitabu vingi vya maktaba za wilaya hutokana na misaada, na kwa sehemu kubwa ni vya Kiingereza. Vya Kiswahili, hasa hadithi za watoto, ndivyo vinavyotafutwa zaidi na ndivyo vyenye nakala chache. Mkutubi mwenye nakala moja tu ya kitabu kinachopendwa huona mhuri wa mwajiri kama kamba ya kumrudisha mbuzi zizini. Naielewa hofu hiyo. Hata hivyo nasema kwa moyo mweupe kwamba imetufanya tuvilinde vitabu dhidi ya watoto walewale ambao vimenunuliwa kwa ajili yao.

Sasa historia, maana inalihusu swali lako moja kwa moja. Kabla ya Uhuru, huduma ya vitabu kwa Waafrika wa Tanganyika, Kenya na Uganda ilisimamiwa kwa sehemu kubwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948. Pamoja na kuchapisha vitabu, taasisi hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu shuleni na katika vituo vya jamii, na ilikuwa na huduma ya kuazima kwa njia ya posta kwa msomaji aliye mbali. Zingatia hapo: sanduku halikuazimwa na mtu mmoja mmoja. Liliazimwa na kituo au shule, nayo ndiyo iliyolibeba jukumu la kulirudisha likiwa limetimia.

Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Sheria mpya ya mwaka 1975 ndiyo iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoifahamu leo, yenye maktaba za mikoa na baadhi ya wilaya. Wenzetu wa Zanzibar wana shirika lao. Tulipoanza kuwaandikisha wasomaji kaunta kwa kaunta, dhamana ilihama kutoka kwenye taasisi ikawa juu ya mtu mmoja mwenye ajira. Kwa mjini, ambako kila mzazi wa pili alikuwa karani au fundi wa shirika la umma, jambo hilo halikumsumbua mtu. Kwa bibi muuza maandazi ni ukuta.

Njia ninayokushauri ni barua ya mwalimu mkuu, yenye mhuri wa shule, inayotaja majina ya watoto na kukubali kwamba shule italipa au kununua kitabu kitakachopotea. Ipelekwe kwa mkutubi wenu kwa maandishi, na iombwe ifikishwe kwa mkutubi wa mkoa, kwa sababu aliye kaunta mara nyingi hana mamlaka ya kubadilisha fomu.

MwanaPwani amejibu:

Shikamoo mzee wetu. Naongeza la Kibaha, nilikosomea, kwa kuwa watu wengi hudhani maktaba ya umma ni lazima isimame peke yake. Maktaba ya umma ya pale ilizaliwa ndani ya mradi wa nchi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, ulioanza mwaka 1963, ambao ulikusanya mahali pamoja shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, kisha mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mkulima, mgonjwa anayesubiri zamu na mwanafunzi waliweza kuingia katika chumba kimoja.

Naomba pia tuseme ukweli kuhusu matumizi. Miezi ya mitihani, katika maktaba nyingi nilizoingia, viti hujaa vijana wa sekondari waliokuja na madaftari yao wenyewe, kwa kuwa nyumbani hakuna meza wala taa ya kutosha, na rafu haziguswi kutwa nzima. Wako wakutubi wanaolalamika kwamba hao si wasomaji. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao, na meza ile ilinifaa kuliko kitabu chochote. Lakini anayesomea ndani hahitaji mdhamini. Anayehitaji ni yule anayetaka kwenda na kitabu nyumbani, akamsomee bibi yake asiyejua kusoma. Huyo ndiye tunayemzuia.

MsomajiWaGarissa amejibu:

Kwetu Kenya tumekuwa na tatizo hilohilo, na suluhisho moja tulilo nalo linafanana na masanduku aliyoyataja mzee. Huduma yetu ya taifa ya maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, huziazima shule masanduku ya vitabu, na tangu mwaka 1996 hapa Garissa ngamia wamekuwa wakipeleka vitabu kwa shule na jamii za wafugaji. Mkeka hutandikwa chini ya mti, vitabu hupangwa, na watoto huchagua. Mtoto wa mfugaji hana mwajiri wa kumpigia mhuri, kwa hiyo shule ndiyo inayojulikana kwa mkutubi.

Tangu Katiba ya 2010, maktaba zimewekwa miongoni mwa majukumu ya kaunti, na hapo mwananchi anaweza kumwuliza mwakilishi wake wa wadi kuhusu bajeti ya vitabu. Kwenu nadhani diwani angefaa kuulizwa vilevile.

MwalimuWaBondeni ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Sikuwa nafahamu habari ya masanduku, na ndiyo iliyonipa hoja. Jana nimezungumza na mwalimu mkuu, naye amekubali shule iwadhamini watoto kumi kwa kuanzia, kwa sharti kwamba mimi niweke daftari shuleni la kuandika nani amechukua kitabu gani na lini kinarudi, na kwamba fedha ya kitabu kitakachopotea itatoka katika mauzo ya mboga za bustani ya shule.

Leo asubuhi nimeifikisha barua. Mkutubi ameisoma mara mbili, akasema ataituma mkoani pamoja na maoni yake ya kuiunga mkono. Kisha ameinama akakitoa kile kitabu cha ngano chini ya kaunta: tangu siku ile alikuwa amekiweka kando, na ndani yake kimechomekwa kipande cha karatasi penye ukurasa alioishia mtoto.