Gitaa la kujiundia: swichi ikiwa katikati sauti inakonda

Swali: Pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) mbili za koili pacha, poti (vidhibiti vya sauti na toni) za 500k, kapasita ya toni ya 0.022 µF. Kila pikapu peke yake iko sawa; zikiwaka pamoja, besi inapotea. Tena linavuma, na nikigusa nyuzi mvumo unazidi.

Jibu: Hizo hitilafu mbili. Besi kupotea maana yake pikapu zinapingana kifezi: wimbi la moja likipanda la nyingine linashuka, yanafutana. Geuza nyaya za pikapu moja tu: wa sauti uende ethi (waya wa ardhi), wa ethi uende swichi. Angalia lakini, kama waya wa ethi umeshika pia kifuniko cha chuma cha pikapu, kitenganishe kwanza na ukipe ethi yake, la sivyo kitanasa mvumo.

Jibu: Mvumo kuzidi ukigusa nyuzi: nyaya za jeki (tundu la kuchomeka kebo) zimegeuzwa, karibu kila mara. Ulimi unaogusa ncha ya plagi ndio wa sauti. Mwili wa jeki ni ethi. Chomeka kebo upime kwa multimita, kutoka daraja (chuma kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa) hadi mwili wa plagi ya upande wa pili: isome karibu 0 Ω.

Muuliza: Risasi ya kulehemu nyaya za ethi haishiki mgongoni mwa poti.

Jibu: Kwaruza kwa msasa kwanza. Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, ncha pana. Pasi dhaifu utaing'ang'aniza mpaka uunguze poti ndani.