Tupeane uzoefu: pikipiki kubwa za zamani za safari ndefu, nini kinakufa na nini kinafaa kufungwa

Kamba ya Klachi (Dar)

Wakuu habari za jioni. Kila wiki naulizwa swali lile lile, nimeona pikipiki kubwa ya zamani inauzwa, nichukue au niache? Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja tuweke hapa, kila mtu na mashine yake. Nazungumzia zile za mwishoni mwa miaka ya 80 mpaka 2000 na kitu, unafunga maboksi alfajiri unatoka Dar na ukijaliwa usiku unalala Mbeya. Stori za Youtube tuwaachie wenyewe, leta kilichokukuta wewe.

Naanza mimi. Yangu ni Honda Africa Twin XRV750, toleo la RD07 ya 1993, silinda mbili za V, tenki la lita 23. Watu wanaogopa injini kumbe hiyo injini ukiimwagia oili kwa wakati na rejeta iwe na kuleti safi haina ugomvi na mtu. Kinacholaza watu njiani ni umeme na mafuta, na mara nyingi mzigo wa umeme ni ule tulioufunga wenyewe kwa kupenda mataa.

Pampu ya mafuta kwanza. Tenki la hii mashine linashuka pembeni chini kuliko kabureta, kwa hiyo likiwa limejaa mafuta yanateremka yenyewe, likipungua ndio pampu inafanya kazi. Sasa ndani ya pampu kuna platini kama za magari ya zamani, vile vichuma viwili vinavyogusana kuwasha na kuzima umeme, zinaungua taratibu mpaka siku zinagoma. Zangu ziligoma baada ya Mikumi, kule kwenye mibuyu kabla hujafika Ruaha Mbuyuni, jua la saa nane, pikipiki ikaanza kukohoa kama imeishiwa mafuta halafu kimya. Napiga stata sisikii ule mlio wa tik tik tik, nikaigonga na mpini wa spana ikaamka, kilomita kadhaa ikalala tena. Ikabidi kufungua kifuniko chake hapo hapo pembeni ya lami, platini nyeusi kama mkaa, upande mmoja una kishimo upande wa pili una kichuguu, kijana mmoja wa bodaboda akasimama akatoa kipande cha msasa laini kwenye boksi lake la chini ya siti, tukasugua mpaka zikang'aa, nikafika Iringa bila kugonga tena. Baadaye fundi wa redio aliniwekea dayodi kupunguza cheche na imetulia mpaka leo. Ila nabeba mpira wa mafuta wa ziada, ikifa kabisa unairuka pampu, unaunganisha tenki moja kwa moja na kabureta, unatembea hivyo na tenki lililojaa mpaka likaribie nusu, unajaza tena. Aibu lakini unafika.

La pili rektifaya, kile kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji kabla haujafika kwenye betri. Ukinunua mashine yoyote ya umri huu fungua siti utafute soketi yenye waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya kuchaji. Ishike, iangalie. Plastiki ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au imeyeyuka ujue umeme unapita kwa shida pale na rektifaya inapika. Mimi nilikata ile soketi nikaunga waya kwa kuchomelea risasi, nikafunga rektifaya ya aina mpya isiyopata moto sana, nikaihamishia sehemu inayopata upepo. Na voltimita ndogo kwenye usukani kwangu ndio kitu cha kwanza kufunga kabla hata ya boksi. Injini ikiwa imechanganya nataka kuona 14 na kidogo, ikishuka 13 mchana nazima kila kitu kisicho cha lazima, ikipanda kupita 15 nasimama kabla haijakaanga betri.

Haya, tiririkeni.

Boksa Arusha

Kaka umesema kweli tupu. Mimi nina BMW R1150GS, ile ya silinda zinazotokeza pembeni, nilinunua kwa mzungu aliyetoka nayo kwao akafika hapa akachoka akapanda ndege. Hizi zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, tatizo mtu anaona ya bei ya chini halafu haulizi mambo matatu.

Moja, shafti. Haina cheni, raha, lakini ile gia ya nyuma ina bearing kubwa na ikianza kufa haipigi kelele mapema. Nyanyua tairi la nyuma, lishike juu na chini ulitikise, likicheza acha au punguza bei sana. Kila nikibadilisha oili ya gia ya nyuma natazama ile sumaku ya bolti ya kumwagia, unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole hapana.

Mbili, breki za ABS (zinazozuia tairi lisigande ukifunga breki) zenye pampu ya umeme, ukiwasha swichi unazisikia zinalia zzzz. Breki fluidi yake inataka kubadilishwa kila mwaka, na kwa hapa kwetu wengi hawajawahi kuigusa tangu ishuke meli. Ile yuniti ikifa inabaki breki ya kukandamiza kwa nguvu zako zote na bei ya mpya inazidi thamani ya pikipiki. Wengi wanaitoa wanarudisha mabomba ya kawaida, mimi nimefanya hivyo na sijajuta.

Tatu, viungio vya mpira wa mafuta chini ya tenki ni vya plastiki, vikizeeka vinakatika na mafuta yanamwagika juu ya injini ya moto. Weka vya chuma. Hii sio ya kujadili.

Valvu ni kazi ya saa moja chini ya mti, vichwa viko nje, nafasi ya valvu pale mafuta yanapoingia ni milimita 0.15, pale moshi unapotokea 0.30, injini ikiwa baridi. Watoto wangu wananishikia tochi.

Nduthi ya Kaskazini (Nairobi)

Wasee wa Tanzania nawasalimu sana. Huku niko na Kawasaki KLR650 ile ya kwanza kwanza, kabla ya 2008. Silinda moja, inatetemeka hadi meno, lakini ukienda nayo Marsabit hakuna kitu itakataa. Shida yake kubwa inajulikana dunia nzima, kuna kale kachuma kanakaza cheni ya balansa (ule uzito wa kupunguza mtetemo) ndani ya injini, ka kiwandani huvunjika ama springi inalegea, na vipande vikizunguka na cheni hiyo injini umezika. Kama unanunua KLR na mwenyewe hajui unaongea nini ukimuuliza hiyo kitu, weka pesa ya kuibadilisha kando hata kabla ujaze petroli.

Ya pili ndio ilinipata mimi. Lami ya kwenda Moyale sasa ni poa, lakini niliamua kukata kutoka Marsabit nipite North Horr niende Loiyangalani, ile barabara ya mawe na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia. Nilikuwa na maboksi mawili ya chuma, jeriken ya maji, na boksi ya nyuma imejaa. Nikaanza kusikia nyuma inacheza kama siti imelegea. Kushuka, bolti mbili za juu zinazoshika fremu ya nyuma, moja imekatika kichwa, nyingine imebaki nyuzi. Nikafunga na waya na ratchet ya mzigo nikatembea pole pole hadi pale kulikuwa na welda. Sasa KLR zote zinafaa zitobolewe pale upande mmoja hadi mwingine uweke bolti moja ndefu ya chuma ngumu, na hiyo kazi jamaa wa jua kali, mafundi wa mtaani pale Kirinyaga Road, walinifanyia chap chap.

Maboksi ya chuma niliuza. Nikashonewa mabegi ya turubai, ile ya lori, nepesi, ukianguka hayakuvunji mguu.

Fundi Mwanjelwa

Nawasoma tu wakubwa zangu. Mimi natengeneza hizi mashine Mbeya na naomba kusema kitu kuhusu oili maana ndio zinaleta pikipiki kwangu na malalamiko ya klachi inateleza, mteja anadhani sahani zimekwisha. Pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ya injini, ukiweka oili ya gari iliyoandikwa ya kupunguza matumizi ya mafuta ile inalainisha na klachi yenyewe, mlima wa Kitonga unapanda injini inalia lakini mwendo hamna. Tafuta kopo limeandikwa JASO MA, hata zile 20W-50 za bodaboda zipo zenye hiyo alama. Ya kaka wa Arusha ni tofauti, klachi yake ni kavu kama ya gari, huyo oili ya gari anaruhusiwa, lakini asiwashauri wengine.

Cheni nayo. Hizi kubwa zina vioringi vidogo ndani ya kila pingili vinashikilia grisi, mtu anaisugua na petroli na brashi ya waya, vioringi vinakufa, miezi michache cheni imevutika anasema ni feki. Osha na mafuta ya taa, kitambaa, kisha oili ya gia namba 90 kidogo, basi. Na ukubwa wake hamuwezi kuupata kwa wauza spea wa bodaboda, za boda ni 428 hizi zenu ni 520 na kuendelea, kwa hiyo agiza mapema pamoja na spoketi zote mbili, msibadilishe cheni peke yake.

Bibi Shokapu (Dodoma)

Nyie wote mnaongelea chuma, hakuna anayeongelea mwili unaokaa juu yake. Mimi naendesha Transalp 650 na urefu wangu ni wa kawaida tu, mashine ilikuwa inanishinda ikisimama kwenye mchanga. Wakaniambia nishushe shokapu. Nikaenda kwa fundi wa masofa akatoa sponji katikati akapunguza pembeni za siti ili mapaja yasitanuke, miguu ikafika chini na shokapu sikuzigusa. Juu yake nimetandika ngozi ya kondoo kutoka kwa Wamasai, joto la Dodoma hulisikii, ila mvua ikiinyeshea unakaa kwenye sifongo siku nzima kwa hiyo kuna kimfuko cha nailoni chini ya siti cha kuivalisha.

Kioo cha upepo pia. Watu wanafunga kirefu wakidhani ndio raha, upepo unaruka juu ya kioo unakupiga kwenye helmeti, kichwa kinatingishika mpaka macho yanaona barabara mbili. Wakati mwingine kifupi ni bora, kifua kipate upepo kichwa kitulie. Na boksi la nyuma kabisa tafadhali wekeni vitu vyepesi, nguo na taulo. Mwenzangu mmoja alijaza zana na maji kule nyuma, kupishana na basi la mkoani karibu na Gairo usukani ukaanza kucheza mwenyewe. Zana zikae chini na katikati.

Kamba ya Klachi (Dar)

Dada umegusa penyewe, hesabu ya mzigo hatuifanyi, na ya umeme ni hiyo hiyo. Spotilaiti mbili za balbu ya wati 55 ni wati 110, kwenye volti 12 hapo ni kama ampea 9. Ongeza gripu za joto ampea 3 mpaka 4, chaja ya simu, taa zenyewe za pikipiki, feni ya rejeta ikiwaka kwenye foleni ya Kimara betri inaanza kutoa badala ya kupokea. Ndio maana mimi nimefunga LED, zinakula robo. Na kila kitu cha nyongeza kipitie rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake, waya utoke betri, swichi ya ufunguo iamshe rilei tu. Kuna mafundi wanakata waya wa taa kubwa wanaunganisha hapo hapo kwa selotepu, vumbi na mvua zikiingia unatafuta shoti usiku Sekenke.

Mtu wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa zangu. Huku mimi nna Honda Gold Wing GL1500 ya miaka ya 90, silinda sita, sofa lenye magurudumu. Barabara ya Maskati mpaka Salala ni kama kilomita elfu moja na katikati baada ya Adam jangwa tupu, wakati wa khareef, msimu wa mvua wa Salala, watu wanakwenda kwa wingi kutafuta mvua. Joto hili linaua raba zote, mipira ya breki inapasuka kwa nje au inavimba kwa ndani, breki inashika haiachii, mtu anadhani kalipa imekufa. Nilibadilisha zote nikatia za nyaya za chuma.

Lakini kwa mwenye GL1500 jambo kubwa ni mikanda miwili ya taimingi kule mbele. Haionekani, haipigi kelele, ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Ukinunua na mwenye nayo hana ushahidi kuwa imebadilishwa, ibadilishe kabla ya safari. Na watu wa Gold Wing wanapenda mataa kama harusi, wakati alternata yake ya kiwandani ni ampea 40 tu.

Na tairi tazameni tarehe, sio uzi. Pembeni pana namba nne, wiki na mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Nimeona linauzwa na vinyweleo vyake bado kumbe lina umri wa mtoto wa darasa la nne.

Kijana wa Ifunda

Shikamooni wakubwa. Mimi ndio nataka kununua Africa Twin, nimeona moja Iringa. Swali langu dogo, tairi la mbele ni inchi 21 la nyuma 17, tyubu ntapata wapi huku na nikipata pancha porini nabeba mbili?

Fundi Mwanjelwa

Marahaba mdogo wangu. Beba moja, ya 21. Ya mbele inaingia kwenye nyuma kwa dharura, inajikunja kidogo ila inakufikisha kama hukimbizi, ya nyuma kwenye mbele haitanuki ikafika. Tyubu za 21 ulizia wanaouza spea za Yamaha DT na Honda XL, kwa boda usipoteze muda wao wana za 18 na 17 nyembamba. Nunua na spana ya ekseli ya mbele na ya nyuma, jaribu kufungua ukiwa nyumbani kwanza, mashine ya umri huo nati yake mara nyingi aliikaza mtu wa mwisho kwa bomba la maji. Hiyo ya Iringa kama ni nyekundu yenye kinga ya injini iliyopinda kulia naifahamu, ilipita kwangu, muulize mwenyewe kuhusu zile waya tatu za njano.

Kijana wa Ifunda

Ni hiyo hiyo. Kesho naenda na tesita.